Wembe wa Zaituni

Zaituni alipokufa niliacha kunyoa. Kwa mtu mwingine hilo si neno, lakini hapa Bwera watu wamenizoea na kichwa kitupu miaka yote niliyouza vitenge karibu na mpaka, na nywele zilipoanza kuchomoza, nyeupe kama unga wa muhogo, soko zima lilipata la kuzungumza. Wengine walidhani nimeokoka. Wengine walidhani nimepata mume, na hao waliniudhi zaidi kwa jinsi walivyocheka. Mwishowe ni Mama Kahindo aliyekuja kuniuliza, maana meza yake inatazamana na yangu na yeye haogopi mtu. Ni Mkongo wa Butembo, Mkatoliki, muuza maharage na mawese, aliyevuka na watoto wake wakati wa vita vya kwao akabaki huku.

“Mama Afande,” aliniambia, “bantu beko nasema asema uko mugonjwa. Miye nakatala. Nawaambia, huyu iko na kilio. Ni nani alikufa?”

“Dada yangu.”

“Dada? Weye hauna ndugu hata moja, miye najua.”

“Nilikuwa naye mmoja,” nikamwambia. “Kasese.”

Alirudi kwenye meza yake akaniletea kikombe cha chai, akakiweka juu ya vitenge vyangu, jambo ambalo siku nyingine ningemfokea. Sisi watu wa milima hii, wa upande huu na wa upande ule, tunajua maana ya nywele zilizoachwa. Aliyefiwa hanyoi mpaka siku ya kuanua matanga, na siku hiyo ananyolewa na ndugu, si na mpita njia. Ndiyo maana sikuweza kumwambia Mama Kahindo kwamba dada yangu huyo alikuwa Mwislamu, binti wa mwenye malori wa Kasese, na kwamba mimi na yeye hatukuchangia hata babu. Ingebidi nimweleze mwaka mzima, na chai ingepoa. Basi nauelezea hapa.

Mwaka huo nilikuwa kuruta. Mambo ya nyumbani kwetu Karambi, kijiji cha Wakonzo wilayani Kasese, siyasimulii. Kahawa na mihogo ni ile ile ya kila mtu. Nitasema tu kwamba siku moja kabla sijaondoka kwenda jeshini, mama alinikalisha kwenye kigoda karibu na jiko akanisuka tangu asubuhi mpaka kuku wakaanza kuingia ndani. Alisuka mistari myembamba iliyokwenda nyuma ikakutana kisogoni, akaifunga kwa uzi mwekundu, na kila alipofika kisogoni alivuta mpaka machozi yakanitoka. Alisema nivumilie, anakaza ili zidumu, kwa sababu huko niendako sitapata mtu wa kunisuka. Maskini, hakujua. Wala mimi sikujua. Tulidhani jeshi linataka mikono na miguu tu.

Kambi ilikuwa mbali, kwenye nchi tambarare ambako ukizungusha macho pande zote huoni mlima hata mmoja, na kwa mtu aliyezaliwa chini ya Rwenzori hilo peke yake linatosha kumtia upweke. Tulipofika tu, wasichana tulipangwa mstari mbele ya banda la mabati. Ndani kulikuwa na benchi, na askari mmoja mwenye mashine ya mkono iliyong’oa kuliko ilivyokata. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, tia chako maji. Sisi hata maji hatukupewa. Uliingia na kichwa chako, ukatoka na kichwa cha kila mtu. Nje, nywele zetu zilikuwa zimefagiliwa kwenye lundo moja, za kusuka na za dawa na rasta za dukani, na juu ya lundo hilo niliona uzi mwekundu wa mama. Sikufikiri. Niliinama nikaanza kupekua kwa mikono miwili.

“Wewe kuruta!” Hiyo ilikuwa sauti ya Afande Rosi, sajenti aliyekabidhiwa wasichana, mwanamke mwembamba ambaye kofia yake haikupinda hata kwenye upepo. “Naokota nini hapo?”

“Nywele yangu, afande.”

“Hapa hakuna yako! Yote ni ya serikali. Tupa!”

Nikatupa. Lundo likamwagiwa mafuta ya taa likachomwa, na harufu yake ilitufuata mpaka kwenye chakula. Nililia, tena kwa sauti, kwa sababu kwetu nywele hazichomwi wala haziachwi ovyo. Mtu akinyolewa huzika nywele zake mahali anapopajua mwenyewe, adui asije akazipata. Mimi nilikuwa naokota zangu ili nizizike. Lakini wenzangu wengi walitoka sehemu nyingine za nchi, na walichokiona wao ni msichana wa milimani akichakura kwenye nywele za watu. Nani hukusanya nywele za watu? Kwa hiyo kabla sahani za kwanza hazijaoshwa nilikuwa nimeshakuwa mchawi. Kiswahili changu cha mpakani kilimalizia kazi. Nilipomwomba jirani yangu chumvi nikasema “miye sina,” akacheka mpaka akapaliwa, kisha akahamisha sahani yake.

Bweni letu lilikuwa refu, la mabati, lenye vitanda vya chuma vilivyobebana na sakafu ya saruji iliyopasuka. Kitanda changu kilikuwa karibu na mlango. Cha juu yangu kilibaki kitupu mwaka wote, ingawa kona nyingine wasichana walilala wawili wawili. Chakula kilikuwa posho, ugali wa mahindi, na maharage, na kesho yake maharage na posho, nami nilikula changu nimekaa juu ya jiwe nyuma ya jiko, huku nikiwaza bundu ya mama, ule ugali wa muhogo unaovutika, na samaki wa ziwani. Siku moja nikiwa nyuma ya tangi la maji niliwasikia wawili wakichota. Mmoja alisema, “Sabuni yako usimwachie yule Mkongo, atapeleka kwao mlimani.” Mwenzake akajibu, “Sabuni afadhali. Mimi naogopa asiniguse kichwa.” Nilisubiri waondoke ndipo nikachota. Ningeweza kujitokeza niwaeleze, lakini kwa maneno gani? Kiswahili hiki ninachoandika sasa, kilichonyooka, nilikipata baadaye na kwa jasho. Wakati ule nilikuwa na maneno ya soko la mpakani tu, na hayo ndiyo waliyoyacheka.

Na kichwa hasa ndicho kilichonitesa. Wavulana walikuwa na kinyozi wao, lakini sisi baada ya ile siku ya kwanza tuliambiwa tunyoane wenyewe. Jumapili, nguo zikishaanikwa, wasichana walikaa wawili wawili kwenye nyasi, mmoja ameinama, mwingine ameshika wembe. Jumatatu Afande Rosi alipita nyuma yetu, tumevua kofia, akatupima kwa vidole viwili. Akiweza kuzishika nywele, zimezidi. Aliyeadhibiwa hakuwa mwenye kichwa bali aliyemnyoa, maana, alivyosema mwenyewe, kichwa cha askari ni mali iliyokabidhiwa kwa mwenzake. Mimi sikuwa na mwenzangu. Nilijinyoa kwa kupapasa, bila kioo, kwa sababu vioo vilikatazwa, na kinyozi hajinyoi. Mbele nilijitahidi, pembeni nilijikata, ila kisogoni, pale pale mama alipokuwa akivuta, paliachwa kisiwa kila wiki.

“Hii nashika! Nani ilikunyoa?”

“Ni miye mwenyewe, afande.”

“Mutu inaona nyuma yake mwenyewe? Kichura! Zunguka uwanja!”

Nikaruka kichura kuzunguka uwanja, nao wakicheka. Adhabu haikuniuma kama lile swali. Kila Jumatatu niliulizwa mbele ya watu wote nani amekunyoa, na kila Jumatatu nilijibu kwamba sina mtu. Nimekuwa mpweke mara nyingi baada ya hapo, na hata sasa chumba changu cha Bwera kina kikombe kimoja, lakini sijawahi tena kuwa mpweke kiasi cha kuonekana kwa nyuma.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa kwenye jiwe langu, nimejipaka sabuni, kivuli kikanisimamia. Alikuwa yule msichana wa Kasese aliyefunga taulo kichwani kila alipopata nafasi. Nilimjua kwa hilo taulo. Walikuwa wamemkataza mtandio wake siku ya kwanza, na tangu hapo alitembea kama mtu aliyesahau nguo nyumbani. Jina lake Zaituni. Mkononi alikuwa na nusu ya wembe aliyoibana kwenye kijiti alichokipasua katikati.

“Wewe Mukonzo,” alisema. “Hiyo kisogo yako inatutia aibu watu wote ya Kasese.”

“Hauogope? Banasema miye ni mulozi.”

“Kwa sababu uliokota nywele? Hata sisi tunazika. Mama yangu anasema nywele ni mtu, hawezi kutupwa ovyo. Siku ile mimi pia nilitaka kuokota yangu, wallahi, nikaogopa. Wewe ulinishinda. Haya, inama.”

Nikainama. Alinishika paji la uso kwa mkono wa kushoto, akavuta ngozi kidogo, akaanza. Nilikuwa sijaguswa na mtu tangu mama aliponifunga ule uzi, isipokuwa kusukumwa. Machozi yakaanza kuteremka na povu, Zaituni akasema sabuni hii ya jeshi ni kali sana, inachoma macho, akaendelea kunyoa. Alipomaliza nikamnyoa yeye. Tukakusanya nywele zetu kwenye jani la mgomba, tukazifukia pamoja nyuma ya jiko karibu na majivu. Wahenga wanasema akupaye kisogo si mwenzio. Mimi nilimpa Zaituni kisogo kila Jumapili, na sijapata mwenzangu mwingine kama yeye.

Yeye alitaka kitu kimoja tu duniani, kuendesha lori. Baba yake alikuwa na malori yaliyopeleka saruji na chumvi mpakani, na kaka zake wote walifundishwa usukani, hata yule asiyejua kushoto na kulia. Zaituni alipewa ndoo na kitambaa aoshe magurudumu. Alisikia jeshini wanawake hufundishwa udereva, akaondoka nyumbani baba akiwa safarini. Aliponinyoa alikuwa akiendesha. “Hapa mlima ya Rukoki, gia ya pili,” angesema akipanda utosini, “hapa mteremko, polepole, kuna ng’ombe.” Mimi nilicheka mpaka akaniambia nitulie, nitajikatisha sikio. Lakini kila mara alimalizia na neno lile lile: “Wakinirudisha nyumbani, Biira, nitaosha lori mpaka nife.” Jina lake lilikuwa tayari kwenye kundi la watakaofundishwa udereva baada ya mafunzo. Aliogopa hata kupiga chafya kwenye paredi.

Kisha mama akafa. Niliambiwa kwenye paredi ya asubuhi, jua likiwa halijawa kali. Afande Rosi aliita jina langu, nikapiga hatua mbele.

“Kuruta Biira. Mama yako amekufa. Wamekwisha zika. Ruhusa hakuna. Rudi kwa mstari.”

“Ndiyo, afande.”

Nikarudi kwa mstari. Tukageuka kulia, tukageuka kushoto, tukatembea, na miguu yangu haikukosea hata mara moja. Naichukia miguu ile mpaka leo kwa kutokosea. Mchana Zaituni alikuja kwenye jiwe, akamega posho yangu tonge tonge akaniweka mkononi, akasubiri mpaka nimeze ndipo akamega nyingine.

Jumapili ilipofika nilikataa kunyolewa. Nilimweleza jinsi mambo yanavyokwenda kwetu, kwamba mtoto aliyefiwa na mama huacha nywele zikue mpaka matanga yaanuliwe, na siku hiyo ndugu humnyoa, nywele zikafukiwa karibu na kaburi, hapo ndipo anaweza kula na kucheka na watu. Asiyefanya hivyo anabaki na kifo mwilini. Mimi sikumzika mama, sikumlilia kwa sauti, na sasa nilikuwa natakiwa nikae mbele ya vidole vya Afande Rosi na kichwa kilichonyolewa kana kwamba hakuna lililotokea. Nywele za mwisho alizonisuka yeye zilichomwa kwa mafuta ya taa. Nilimwambia Zaituni kwamba hizi siwezi kuwapa.

Zaituni alikaa akiugeuzageuza wembe. “Yote haiwezekani,” alisema mwishowe. “Kidogo inawezekana. Mahali ile ile ya kisiwa. Nitasema mkono iliteleza.”

“Watakuadhibu wewe.”

“Mama ni mmoja. Inama.”

Akanyoa kichwa chote, kisogoni akaacha kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Jumatatu Afande Rosi akakishika, akauliza nani, na kwa mara ya kwanza sauti iliyojibu haikuwa yangu. “Mimi, afande. Mkono iliteleza.” Alipewa jerikani la maji alibebe juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka, azunguke uwanja. Nilisimama nikimtazama maji yakimwagikia mabegani, na nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia nikiruka kichura. Jumatatu iliyofuata ikawa hivyo, na iliyofuata. Nilimsihi aache, akanijibu kwamba dereva wa lori anahitaji mikono yenye nguvu, niache kumharibia mazoezi.

Nami, Mungu anisamehe, nilikipenda kile kipande. Kilikua, kikaanza kujikunja. Nikiwa kwenye foleni ya posho nilipitisha kidole chini ya kofia nikakigusa, na ilikuwa kama kuwa na mtu wa nyumbani. Kambi nzima ilikuwa na watu wasiojua mama yangu alikuwa nani, na kile kipande ndicho pekee kilichokuwa kikimlilia. Nilikusudia nifike nacho Karambi, nikae kwenye kile kigoda, shangazi aninyoe mbele ya kaburi.

Lakini Afande Rosi hakuwa mjinga. Jumatatu moja alikishika, hakukiachia. Alimwita Zaituni aje asimame mbele yangu ili sote wawili tumsikie.

“Mkono yako inateleza mahali moja tu, kila wiki?”

Zaituni aliendelea kutazama mbele. Kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba ametii mila ya Mukonzo badala ya amri.

“Jumatatu ijayo nikishika tena hii, wewe Zaituni unarudi kwenu. Jeshi haitaki dereva mwenye mkono ya kuteleza. Tawanyika!”

Wiki ile hatukucheka. Tulikula pamoja kwenye jiwe, tukatazamana, tukaangalia sahani. Nilimwambia mara moja tu, “Utakinyoa,” naye akasema, “Ukisema umemaliza, nitanyoa. Hujamaliza, siwezi.” Nilimjua. Nilijua kabisa kwamba angekiacha, na Jumatatu jioni angekuwa kwenye basi la Kasese na taulo lake, na siku zake zote zilizobaki angeosha magurudumu ya kaka zake kwa sababu ya nywele za mama wa mtu mwingine. Kujua hivyo kuliniogopesha. Sikuwahi kuwa na mtu wa kunifanyia hivyo, na sikutaka kumpoteza mara tu nilipompata.

Jumapili nilimfuata mwenyewe na sabuni mkononi. “Ninyoe.”

“Matanga imekwisha?”

“Haijaisha. Ninyoe hivyo hivyo.”

“Kwenu ananyoa nani?”

“Ndugu.”

Aliinuka akaniacha pale pale na povu langu. Nilidhani amekasirika. Aliporudi alikuwa amefunga kichwa, si kwa taulo, bali kwa ule mtandio uliokatazwa, mweupe wenye maua madogo ya buluu, alioutoa chini kabisa ya sanduku lake mchana kweupe, Afande Rosi akiwa upande wa pili wa uwanja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona alivyokuwa kwao. Aliketi nyuma yangu, akachana utepe mwembamba kwenye ukingo wa mtandio, akautandika kwenye goti.

“Sasa nimevaa kama mtu anayekwenda msibani,” alisema. “Ndugu anasema maneno gani? Nifundishe.”

Nikamfundisha maneno ya nyumbani kwetu, ya kumwambia mfiwa kwamba aliyelala amelala, wewe kula, wewe lima, wewe cheka tena. Aliyasema kwa Lhukonzo, akakosea karibu kila neno, akarudia, huku ananyoa kile kipande kidogo polepole kana kwamba ni kichwa kizima. Nililia kwa sauti, kama nilivyopaswa kulia Karambi. Wasichana wengine kwenye nyasi walisimamisha nyembe zao wakatutazama. Zaituni akazikunja zile nywele kwenye utepe, akafunga fundo, akaniwekea kiganjani.

Jumatatu Afande Rosi alipita. Vidole vyake viwili vilifika kisogoni kwangu vikakaa pale kuliko kawaida. “Kumbe mkono inaweza,” akamwambia Zaituni, akaenda zake. Sikujua kama aliuona ule mtandio. Sijajua mpaka leo.

Mafunzo yalipokwisha nilikwenda Karambi na fundo lile mfukoni mwa shati. Shangazi alikitazama kichwa changu, kisha fundo, akauliza nani amethubutu kuninyoa matanga. Nikamwambia, dada yangu. “Dada yupi?” Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akachukua jembe akachimba kishimo karibu na kaburi la mama. Alisema dada huyo ametumia wembe wa serikali na maneno aliyoyapotosha, lakini matanga yameanuliwa, hawezi mtu kuyaanua mara mbili.

Baada ya hapo jeshi lilitutenganisha, kama linavyofanya. Zaituni akaendesha malori yake, tena yale makubwa, na alipotoka jeshini akaolewa Rukoki na mwenye duka, akazaa. Mimi nilipotoka jeshini nilikuja Bwera kuuza vitenge. Sikuzoea tena nywele, nikabaki nikinyoa, ila kwa kinyozi, kijana mwenye mashine ya umeme na muziki mwingi asiyejua hata jina langu. Tulionana na Zaituni kwa nadra, harusi hapa, Idi pale. Kila tulipoonana, kabla ya salamu, alinipitishia vidole viwili kisogoni mbele ya watu na kusema, “Haishikiki. Safi, kuruta.” Aliwafundisha watoto wake waniite mama mkubwa.

Alipokufa, simu ilinikuta sokoni. Waislamu hawachelewi kuzika. Nilipanda gari saa ile ile, na niliposhuka Rukoki watu walikuwa wananawa udongo mikononi. Ni mara ya pili nimekosa maziko ya mtu wangu. Nikarudi Bwera, nikaacha kunyoa.

Juzi ilikuwa arobaini yake. Baada ya dua, wanawake walikuwa uani wakipakua pilau, nami nikamvuta pembeni Hadija, binti yake mkubwa, nikavua kitambaa nikamwonyesha kichwa. Nikamwambia ninachotaka.

“Mama mkubwa,” alisema kwa sauti ya chini, “sisi hatunyoi kwa ajili ya msiba. Shehe akisikia itakuwa maneno.”

“Shehe yuko mbele anakula pilau. Na mimi si wa dini yenu. Kwetu tunanyoa, lakini lazima anyoe ndugu, na mimi sina mwingine.”

“Basi mimi ni nani?” akasema, akaenda kutafuta wembe. Alirudi na nusu, ameibana kwenye kijiti. Sikuuliza amejifunzia wapi. Mama yake ndiye aliyewanyoa watoto wote wachanga wa mtaa ule siku za akika. Hadija akanikalisha kwenye kigoda nyuma ya jiko, akanishika paji la uso kwa mkono wa kushoto, na ule mkono ulikuwa mzito na wenye joto kama wa mama yake. Nywele nyeupe zikaanza kuanguka kwenye kanga aliyonitandikia magotini. Alinyoa vizuri, bila haraka, mpaka akafika nyuma.

“Kimebaki kidogo hapa kisogoni,” alisema. “Inama, mama mkubwa, nimalizie.”

Sikuinama. “Kiache.”

Nilisikia wembe ukisimama. Kisha vidole vyake viwili vikaja pale, vikabana.

“Lakini inashikika,” Hadija alisema.

“Najua,” nikamwambia. “Kiache.”